Tangi la lita 1260, mkono wa sentimita 68

Niseme ukweli tangu mwanzo, lile tangi langu kubwa nililichora kwa macho. Nilishafuga samaki miaka kama tisa kwenye matangi madogo, kubwa kuliko yote lilikuwa la lita 200, na kila nikikaa mbele yake nawaza tu, hili lingekuwa refu mara mbili, pana mara mbili, si ningekuwa kama niko ziwani kabisa. Basi nikachukua karatasi nikaandika urefu sentimita 240, upana 75, kimo 70. Kwa nini 75 na sio 60? Kwa sababu kwenye mchoro ilipendeza. Hakuna sababu nyingine aisee, na hiyo 75 ndo imenitesa mpaka leo.

Zidisha hizo namba unapata lita 1260, na hiyo ndo namba niliyokuwa nawatambia watu. Kumbe hizo ni lita za karatasi. Ukitoa unene wa vioo, ukitoa zile sentimita tano za juu ambazo hujazi, ukatoa nafasi iliyokaliwa na mawe na mchanga, maji yaliyobaki humo ndani ni kama lita 950. Inaonekana ni kitu kidogo ila siku unampa samaki dawa, ukipima kwa lita 1260 umemzidishia karibu theluthi. Mi nilijua ujazo halisi kwa sababu siku ya kujaza nilihesabu ndoo. Ndoo moja moja, nimekaa na kalamu kama karani.

Mpango wa kwanza tangi likae ghorofani. Shemeji yangu ni injinia wa majengo, nikamwonyesha mchoro nikitegemea atasifia, akauliza swali moja tu, "Shemeji, hii ikijaa ina kilo ngapi?" Tukakaa tukapiga hesabu. Maji lita moja ni kilo moja, hilo rahisi. Kioo cha milimita 15 kila mita ya mraba ni kilo 37 na nusu, vioo vyote vya hilo tangi vinakwenda kilo 230 na kitu. Mawe kilo 250, mchanga mia, stendi ya chuma, halafu chini yake sampu, lile tangi dogo la kusafishia maji, na maji yake. Tukafika karibu tani 1.8. Sakafu ya nyumba ya kuishi mara nyingi hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba, na tangi langu linakalia mita chini ya mbili. Akanirudishia karatasi yangu akasema, "Hao sio samaki, hiyo ni pikapu unataka kuipaki chumbani, na haitoki." Ndo tangi likahamia chini, juu ya zege lililomwagwa moja kwa moja kwenye ardhi. Kama una ghorofa usije ukasema mbona watu kumi wanakaa pale kwenye sherehe na hakuna kinachotokea. Watu kumi huwa wanaondoka.

Kwenye vioo nilibishana sana na fundi. Fundi wangu ni mzuri, madirisha yake yamenyooka, lakini dirisha halisukumwi na maji mchana na usiku. Yeye anasema milimita 10 inatosha maana ameweka vioo vikubwa kuliko hivyo kwenye milango ya maduka. Kitu ambacho wengi hawakijui (hata mi nlikuwa sijui) ni kwamba msukumo wa maji hauangalii tangi limebeba lita ngapi, unaangalia kimo. Ukishusha maji yakawa nusu ya kimo, nguvu inayosukuma kioo cha mbele inabaki robo. Sasa maji ya sentimita 65 kwenye kioo cha urefu wangu yanasukuma kwa nguvu kama ya uzito wa nusu tani, na sehemu kubwa ya hiyo nguvu iko chini, palepale kwenye silikoni, ile gundi inayoshika vioo. Tukaenda na milimita 15 na mikanda ya kioo kuzunguka juu kwa ndani ili kioo cha mbele kisipinde. Kinapinda hata hivyo, kidogo, ukiweka rula unaona mwanga katikati. Usiku wa kwanza nililala na hiyo rula.

Halafu fundi akaja na wazo la kutumia kioo kilichochemshwa, kile cha usalama kinachovunjika vipande vidogo vidogo, eti ni kigumu zaidi. Ni kweli ni kigumu, ila kioo hicho kikishachemshwa hakikatwi wala hakitobolewi, ukigusa na drili kinalipuka chote, na mi nilihitaji matundu matano. Kwa hiyo kioo cha kawaida, drili yenye kichwa cha almasi, umezungushia tundu ukuta mdogo wa udongo wa kuchezea watoto ili maji yasimame pale yapoze, unakwenda taratibu bila kukandamiza. Kila tundu lilichukua dakika kama kumi. Dakika kumi za kushika pumzi.

Silikoni nayo usichukue yoyote. Zile za bafuni nyingi zimewekewa dawa ya kuzuia ukungu na hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Tafuta isiyo na dawa, ile inayonuka siki ikiwa inakauka. Na tangi tuliligundisha palepale chumbani kwa sababu kitu cha mita 2.4 chenye kilo 230 hakipiti kona ya korido, hilo angalau nililiwaza mapema. Ikikosewa, silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kauka, yaani unakwangua yote unaanza upya, ndo maana kila kioo tulikibandika na maungio yake yote siku moja. Baada ya hapo ni kusubiri. Inakauka kutoka nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Niliiacha wiki mbili. Nyumba nzima inanuka achari, mke wangu akawa ananiuliza samaki wenyewe wanakuja wameshachachuliwa au vipi.

Sasa nije kwenye mkono.

Tangi lina kimo cha sentimita 70, stendi nikaifanya 80 ili ukikaa kwenye kochi macho yawe sawa na samaki. Maana yake ukingo wa juu uko mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kutoka ukingo wa mbele mpaka kona ya chini nyuma, ukipima kwa kukatisha, ni zaidi ya mita moja. Mkono wangu kutoka kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati ni sentimita 68. Nimeupima, ila nimeupima baada ya tangi kujaa, siku niliyotaka kusogeza jiwe moja nyuma. Nilipanda ngazi, nikalalia ule mkanda wa kioo kifuani, maji yananifika sikioni, na bado vidole vinaelea pale kati kama mtu anaaga. Hiyo siku nilikaa juu ya ile ngazi nikaangalia kila nilichokijenga, nikagundua karibu chote nimekiweka mahali ambapo jicho linafika na mkono haufiki.

Mfano sampu. Kwa asiyeijua, sampu ni tangi dogo linalokaa chini, maji yanashuka humo kutoka juu, yanapita kwenye sponji na vile vigae vya kufugia bakteria, pampu inayarudisha juu. Yangu ina urefu wa sentimita 120. Tuliiingiza kwenye stendi kwanza, fundi wa kuchomelea akaja akasema urefu wa mita 2.4 bila mguu wa katikati ni hatari, akaongeza miguu miwili mbele na miwili nyuma, kila baada ya sentimita 80. Alikuwa sahihi kabisa. Na sampu yangu ikawa imefungwa jela. Haitoki mbele, haitoki pembeni. Ikipasuka leo inabidi nitoe tangi juu, au niivunje humohumo nigundishe nyingine vipande vipande nimelala chali. Naomba Mungu tu.

Valvu za bomba za kushusha maji nazo niliziweka nyuma ya stendi, kwa urembo. Nyuma kuna nafasi ya sentimita 12 kutoka ukutani. Kwa wale ambao bado mnachora, achieni nafasi ya mtu mzima kupita pembeni, au wekeni kila kitu kinachozungushwa kije mbele, hata kama kinaonekana. Na kila pampu iwe na yunioni, kile kiungio cha bomba kinachofunguliwa kwa kuzungusha, pande zote mbili ili uitoe bila msumeno. Mi nimeshakata bomba mara mbili.

Kitu kimoja kwenye mabomba nilikipatia, na ni kwa sababu nilimsikiliza mtu aliyeshapata mafuriko. Maji yanashuka kwa mabomba matatu sio moja. La kwanza linabeba karibu maji yote, limejaa pomoni halina hewa ndani, kwa hiyo halipigi kelele, unalirekebisha kwa valvu. La pili linapitisha kijito kidogo tu kile kilichozidi. La tatu liko juu kidogo, kavu, linasubiri shida. Na shida ilikuja, konokono akaingia kwenye valvu ya bomba la kwanza, nikiwa jikoni nasikia choo kinavuta maji na hakuna mtu chooni. Ni bomba la tatu hilo limeanza kazi. Kama ningekuwa na bomba moja, pampu ingeendelea kupandisha maji juu na hakuna njia ya kushuka.

Mafuriko yenyewe nilikuja kuyapata upande wa pili, kwenye bomba la kurudisha maji juu. Hapa naomba mnisikilize kidogo kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita na iliniloanishia nyumba. Mdomo wa lile bomba niliuweka sentimita 12 chini ya uso wa maji ili usionekane na usipige povu. Umeme ukikatika pampu inasimama, na lile bomba sasa linageuka linanyonya maji kurudi chini, mpaka uso wa maji ushuke ufike pale mdomo ulipo, ndo livute hewa likatike. Kwenye tangi langu kila sentimita moja ya kimo ni lita 17. Mara 12 ni lita 204. Nafasi iliyobaki kwenye sampu ilikuwa lita kama 75.

Nilijua hiyo kitu, nikaweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, nikafanya jaribio, nikazima pampu nusu dakika, valvu ikafunga vizuri nikapiga makofi. Miezi minne baadaye chembe ya mchanga ikakaa kwenye kile kiulimi cha valvu, umeme ukakatika saa nane usiku, na karibu lita 130 zikaja kututembelea kitandani. Nilikanyaga maji nikadhani naota.

Dawa yake ni tundu. Tundu dogo la milimita sita kwenye bomba, sentimita moja tu chini ya uso wa maji, maji yakishuka hapo kidogo bomba linavuta hewa basi mchezo umeisha. Ila lile tundu linaota mwani na kuziba, kwa hiyo kila Jumamosi nalizibua na kijiti cha meno. Hili tundu mkono unalifikia. Nilihakikisha. Na jaribio la kuzima umeme siku hizi nafanya na ile valvu nimeitoa kabisa, nazima kila kitu naacha robo saa, naangalia maji yanaishia wapi kwenye sampu, naweka alama na kalamu ya wino mzito. Chini ya hiyo alama ndo kiwango cha kujaza, hata mgeni akija kunisaidia haulizi.

Umeme wenyewe sitazungumza sana. Waya kila mmoja ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande kuingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi, na laini yote ipite kwenye ile brekara inayokata ikihisi umeme unavuja, ya miliampea 30. Utakuwa unaingiza mikono kwenye maji, bana. Hita nilinunua mbili za wati 500 badala ya moja kubwa. Moja ilikuja kuganda ikagoma kuzima, lakini wati 500 kwenye lita 1100 (maji ya tangi pamoja na ya sampu) zinahitaji zaidi ya saa mbili na nusu kupandisha digrii moja, na maji nayo yanapoa muda huohuo, kwa hiyo niliikuta asubuhi maji yamefika digrii 29 na samaki wanapumua harakaharaka ila wazima. Ingekuwa moja ya wati 1000 ningekuta supu.

Samaki niliotaka ni wa Ziwa Tanganyika, frontosa, wale wenye mistari myeusi na nundu kichwani kama mzee wa baraza. Wanafika sentimita 30 na zaidi, wanakua taratibu mno, na ndo walionifanya nijenge kubwa. Maji yao ni magumu, pH, yaani kile kipimo cha uchachu wa maji, inakwenda 8.6 mpaka 9. Hapo kuna mtego. Amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki iko kwa sura mbili, moja haina makali sana na nyingine ni sumu kali, na pH ndo inaamua. Kwenye pH ya 7 ile sumu haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwenye 8.8, na maji ya digrii 25, ni kama robo yake. Kwa hiyo kosa ambalo kwenye tangi lako la zamani lilipita bila kuonekana huku linaua. Niliendesha tangi tupu wiki sita, nalilisha amonia ya chupa kidogo kidogo, napima kila siku mbili, nasubiri bakteria waigeuze kuwa nitriti kisha nitrati, ambayo haina makali sana. Majirani wanakuja wanaangalia mawe. "Samaki wako wapi?" Wanakuja. "Wako wapi?" Wanakuja mzee.

Walipokuja niliharibu mwenyewe. Niliwaweka na sipriko ishirini, wale wembamba wanaoogelea juu kwa kundi, mkia wa njano, maana nilitaka juu nako kuchangamke. Kila nikihesabu napata pungufu. Ishirini, kumi na tisa, kumi na saba. Nikatafuta maiti, nikafungua sampu, nikafikiri wanaruka nje. Kumbe ziwani kwenyewe frontosa wanakula haohao sipriko, wanawaendea alfajiri na mapema wakiwa bado wamezubaa, na mi nimewapangisha nyumba moja na chakula chao. Kuwatoa waliobaki sikuweza bila kung'oa mawe yote, na mawe ya nyuma, we unajua tayari hadithi ya mkono. Wakaisha.

Taa pia nilinunua kali kupita kiasi, za kuoteshea mimea, wakati hawa wanaishi kwenye kina kirefu wanapenda giza giza. Wakajificha mwezi mzima nyuma ya mawe, mwani ukaota kama zulia. Nikapunguza mpaka robo, wakatoka siku hiyohiyo.

Kubadilisha maji kulinifundisha adabu. Robo ya lita 1100 ni ndoo 14 za lita ishirini kutoka, na 14 kuingia, kila wiki. Nilidumu miezi mitatu mgongo ukasema hapana. Sasa kuna bomba limepita ukutani, nafungua koki maji machafu yanakwenda bustanini, na pipa la lita 300 kule nyuma nalijaza jana yake, natia dawa ya kuua klorini, napasha, pampu inasukuma. Dakika arobaini nimemaliza nimekaa. Kutoboa ukuta ukiwa umeshapakwa rangi na kuna kitanda ni kazi kuliko ile ya kuutoboa kabla, hilo sihitaji kulieleza.

Nimeanza kuchora jingine. Upana 60, kimo 55, urefu uleule, na nimechora kwanza ngazi na mtu juu ya ngazi ndo nikachora tangi. Mke wangu ameuona mchoro hajasema kitu, ambayo kwangu ni jibu zuri.

Kwenye lile la zamani, kona ya kushoto nyuma, kuna nusu ya sumaku ya kusafishia kioo. Iliachia mwaka jana ikazama nyuma ya jiwe kubwa, nimejaribu koleo ndefu, nimejaribu fimbo yenye ndoano, nimejaribu mtoto wa dada yangu mwenye mikono mirefu. Imekaa. Wale kalvasi wawili wembamba niliowaongeza baadaye, wanaopita kwenye nyufa ambazo frontosa hawezi kuingiza hata pua, walivutiwa na kale kachochoro kati ya sumaku na kioo, jike akaingia kwenye gamba la konokono lililokuwa hapo akakaa zaidi ya wiki, dume anazunguka nje anatunisha mapezi kwa kila anayepita. Juzi nimemulika na tochi nikahesabu vitoto sita. Sumaku siigusi tena.